Bugatti mupya ya V16: ibridi iko ndani juu ya nini, na batri ikiisha inabakia nini?

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Niko na kiulizo juu ya ile Bugatti Tourbillon, ile balionyesha mu mwezi wa 6 2024 na balisema kutengeneza ya bateja ni 2026. Mi ni muntu wa mamoteri ya esansi, Chiron niliielewa: W16 ya lita 8, maturbo 4, farasi 1500, bon, habari inaisha pale, unataka nguvu unasukumia moteri upepo. Sasa Mate Rimac, ule jamaa wa Croatia mwenye kutengeneza Nevera ya umeme tupu, anakamata Bugatti 2021, dunia yote inangojea batri mbele batri nyuma, na yee anatoka na V16 ya lita 8.3 yenye balijenga na Cosworth wa Uingereza, haina ata turbo moja, inapanda mpaka mizunguko 9000 kwa dakika, halafu wanaongezea mamoteri 3 ya umeme, 2 mbele 1 nyuma. V16 inatoa farasi 1000, umeme farasi 800, unajumlisha 1800.

Kenye kananisumbua ni batri. Iko ya kWh 25 tu. Nevera iko na 120. Ukikanyaga mpaka chini mu njia ya wazi itakauka haraka, na pale unabakia na farasi 1000 na mizigo ya batri yenye haikusaidii tena, si Chiron ya 2016 itakupita unaangalia? Tulibishana na bandugu kule banauzishaka mapiesi, mumoja akasema ibridi (esansi na umeme pamoja) ni ujanja wa kukimbia sheria za moshi za Ulaya, mwengine akasema Rimac alilazimisha juu auzishe teknoloji yake. Mi nazani kuna sababu ya mekanike yenyewe lakini sijaikamata. Benye kujua munielezee, na musinipe matangazo ya kampuni, ile nilishaisoma.

Ruashi_One (Lubumbashi)

Euro milioni 3.8 bila taxe, motoka 250 dunia nzima, na weye kiulizo yako ni batri 😂 Uliza kwanza kama tumbo yake itapita juu ya madodani (yale matuta) ya njia ya Likasi

Nguba_Volti (Bukavu)

Kijana, sababu ya mekanike iko na ni moja: umeme umechukua kazi ya turbo. Mengine yote yanafuata pale.

Angalia kwanza nguvu ya kuzungusha. Chiron ilikuwa na Nm 1600, kwa sababu ya zile turbo 4. Hii V16 mpya peke yake inatoa Nm 900, na hauzipati ukiwa chini, maana moteri yenye kuvuta hewa yenyewe na kupanda mpaka 9000 imechongwa kwa ajili ya juu, kamu zake, mabomba yake ya hewa, vyote vimepimiwa mizunguko mingi. Ku 2000 bado ina usingizi. Zamani ukitaka kuziba lile shimo la chini ulikuwa unaongeza lita ao unaweka turbo. Turbo nayo inakuja na jamaa yake yote: joto, mabomba, radiateri za kupoza hewa, kilo, ule muda wa kungoja ikamate, na sauti inakufa. Moteri ya umeme inakupa nguvu yake yote kuanzia sifuri, bila kungoja, kwa hiyo wakatupa turbo zote na moteri ya silinda 16 ikabaki na kilo 252. Urefu wake ni karibu mita moja, jaribu kuwaza hicho chuma kimelala nyuma ya viti viwili.

Sasa batri. Farasi 800 ni kama kilowati 588. Ukiikamua batri ya 25 kwa kilowati 588 bila kupumuzika, na tuseme unaweza kuitumia mpaka tone la mwisho (hakuna batri inaruhusiwa kufanya vile lakini tuache), inashikilia sekunde 150 hivi. Dakika mbili na nusu. Unasikia ni kidogo, lakini kampuni inasema gari inafika kilometa 300 kwa saa chini ya sekunde 10 na 400 chini ya sekunde 25. Ina maana ukifika 400 umekula sehemu moja ya sita ya batri. Haujaigusa hata. Na ukifunga breki kutoka kule moteri za mbele zinarudisha umeme ndani, halafu V16 nayo inaweza kuchaji ukiwa unatembea polepole.

Kuhusu kukaa juu kwa muda mrefu, fanya hii hesabu ya mkono. 2019 Chiron Super Sport 300+ ilipiga kilometa 490 kwa saa na farasi 1600. Upepo unataka nguvu yenye inapanda kwa kyubu ya vitesi, kwa hiyo chukua 445, ile vitesi ya mwisho ya Tourbillon, gawa kwa 490, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe mara tatu, unapata kama 0.75. Yaani farasi 1200 zinatosha kukaa ku 445. Bodi si ileile, nitakubali makosa ya huku na huku. V16 inaleta 1000, umeme unatiliza 200 tu, hiyo ni kilowati 147, na batri inafanya dakika 10. Dakika 10 ku 445 ni kilometa 74. Veyron ikiwa ku vitesi yake ya mwisho tanki ya lita 100 ilikuwa inaisha ndani ya dakika 12 hivi, kwa hiyo esansi na batri vitaisha karibu wakati mmoja, sioni shida iko wapi.

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Eee yaya, sehemu moja ya sita! Sasa naanza kuona. Kilometa 74, ukitoka Lushi haufike ata Likasi 😅

Lakini kama ni vile, juu ya nini bengine balibakia na turbo? Ferrari F80 iko na V6 ya turbo, McLaren W1 iko na V8 ya turbo, na bote banaitwa ibridi.

Nguba_Volti (Bukavu)

Kwa sababu wanatafuta kitu kingine. F80 ni V6 ya lita 3 inatoa 900, na umeme unaleta 300. Hawakutoa turbo, waliingiza moteri ndogo ya umeme ndani ya turbo yenyewe, iizungushe mbele moshi haujafika. Ni shimo lilelile wanaziba, wanaliziba kupitia mlango mwingine. W1 iko na V8 ya lita 4, inasukuma pine za nyuma tu, na batri yake ni kWh 1.4 hivi, kitu ya kubeba mkononi karibu, juu McLaren anahesabu kila kilo ya kupiga kona. Hawa wawili wanawaza piste ya mashindano. Bugatti anawaza muntu mwenye anatoka hoteli usiku bila kuamsha majirani, halafu kesho yake anataka kusikia silinda 16. Ndiyo maana 25, inatembea zaidi ya kilometa 60 bila esansi.

Mwenye anafanana naye kabisa ni Lamborghini Revuelto ya 2023: V12 ya lita 6.5 bila turbo, moteri 3 za umeme, lakini batri ni 3.8. Kwangu mimi Revuelto ndiyo dada mdogo wa Tourbillon, ingawa watu wa Molsheim, kwao na Bugatti kule Ufaransa, hawatapenda nikisema vile.

Fundi_Birere (Goma)

Mimi Bugatti sijagusa na sitagusa, lakini ile mpangilio mnasifia inapita hapa Birere kila siku na mavumbi juu yake. Toyota Harrier ibridi ya 2005 na kuendelea: mbele V6 ya 3.3 pamoja na moteri ya umeme ya kW 123, nyuma moteri ingine ya kW 50 iko peke yake, na hakuna kardani, ile nondo ya kupeleka nguvu, inatoka mbele kwenda nyuma. Niko na wateja balilala chini ya gari kutafuta kardani, kuikosa, na kuanza kulaumu vijana ya garaji ya kwanza eti baliitoa bakaiuza. Haijawahi kuwa pale! Tourbillon ni ile kitu imegeuzwa tu, esansi nyuma umeme mbele, ya mbele inazunguka pine moja moja kila mutu na moteri yake, kwa hiyo kompyuta inaweza kuvuta pine ya inje ya kona kuliko ya ndani. Kwenye Veyron na Chiron bwati ya vitesi ilikuwa katikati ya viti na kardani inaenda mbele. Sasa bwati iko nyuma ya moteri, katikati imebaki wazi, njo pale baliingiza batri, ndani ya ile tuneli na mgongoni mwa viti. Mi kama fundi ile njo inanifurahisha, si farasi 1800. Kilo zinakaa chini na katikati.

Juu ya umeme na V16, Nguba amesema vizuri lakini mutu wa hapa ataelewa haraka kama ni chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, yenye imebeba mifuko ya makala: kuianzisha njo kazi, pale unahitaji mwenye kusukuma, ikishakamata mteremko mwenye kusukuma anapanda juu anakaa. Umeme ni ule wa kusukuma.

Sasa niwaambie kitu yenye hamjagusa. Urefu wa huku kwetu. Goma iko metre 1500 hivi juu ya bahari, Bukavu karibu sawa, Lushi kama 1200. Hapa Goma hewa ni nyepesi karibu 15 kwa mia kuliko pale pwani. Moteri yenye kuvuta hewa yenyewe inapoteza ile ile. V16 ya farasi 1000 ukiileta hapa inakuwa 850 na kitu, hakuna fundi wa kukusaidia. Chiron na turbo zake zingezunguka kidogo zaidi na kuleta karibu nguvu yote. Lakini umeme haupumui! Zile 800 zinabaki 800 hata juu ya Nyiragongo. Kwa hiyo Tourbillon hapa Goma ni kama 1650, na sehemu ya umeme inakuwa kubwa karibu nusu. Mwenye alitoa turbo na akaweka umeme mkubwa, hata kama hakuwaza Goma, alituwazia.

Ruashi_One (Lubumbashi)

Alituwazia 😂😂 fundi unaua. Atuwazie basi na njia

Kamalondo_Sud (Lubumbashi)

Mimi njo yule mwenye alisema sheria za moshi, Kijana hakutaja jina lakini namuona. Nasimama palepale. Hakuna kampuni ya Ulaya inaweka batri juu inapenda, ni juu ya serikali.

Nguba_Volti (Bukavu)

Mukubwa, kwa kampuni kubwa uko na haki. Lakini ile sheria ya CO2 ya Umoja wa Ulaya yenye inapiga amende (faini) kampuni kwa wastani wa gari zake zote, inasamehe wenye wanaandikisha gari chini ya 1000 kwa mwaka. Bugatti wanatengeneza 250 za Tourbillon kwa jumla, ya miaka yote. Moshi ule wa sumu bado unawahusu, na kelele inawahusu, na miji mingine inafunga katikati kwa gari za esansi, pale zile kilometa 60 zinasaidia. Ila kama shida ilikuwa sheria peke yake, Rimac alikuwa na jibu rahisi ndani ya nyumba yake: abandike alama ya Bugatti juu ya Nevera. Farasi 1914, tayari, imejaribiwa. Hakufanya vile, juu wateja wa bei hii wanataka chuma chenye kuzunguka. Angalia hata mita za mbele ya dereva, zimetengenezwa na mafundi wa saa wa Uswisi, vipande zaidi ya 600, mishale ya kweli. Mtu mwenye analipa ile hataki tableti.

Kamalondo_Sud (Lubumbashi)

Ile ya 1000 sikuijua, sawa. Lakini Bugatti haitembei peke yake, Porsche iliingia ndani ya ile kampuni 2021. Tuache pale.

Transpo_KZI (Lubumbashi)

Munaongea batri mpaka asubuhi na hakuna mwenye anasema kobalti, na tuko bakongomani. Mi nabeba mizigo ya njia ya Kolwezi, hii mambo naishi ndani yake. Zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inatoka huku. Batri ya kutoa nguvu nyingi haraka mara nyingi ni ya nikeli, manganizi na kobalti. Bon. Sasa mutu ataniambia Bugatti itatutajirisha. Chukua karatasi: motoka 250 mara kWh 25 ni 6250. Ile ni batri ya Nevera 52 tu. Dunia ya mahypercar yote ukiikusanya haijazi ata kona ya depo moja pale Kolwezi. Kenye kanatembeza bei ni masimu na mamotoka ya kawaida ya Wachina, na Wachina banazidi kupeleka ya kawaida ku batri ya chuma na fosfati, ile haina kobalti ata gramu. Njo ile inatuumiza. Februari 2025 serikali ilifunga kobalti isitoke, Oktoba ikaleta mambo ya kota (kila kampuni na kiasi chake cha kutosha inje), malori yalisimama, bashofere banajua nasema nini. Farasi 1800 ni muzuri kuangalia mu simu lakini kama unataka kujua kesho ya Katanga angalia batri ya motoka ya dola 10,000.

Nguba_Volti (Bukavu)

Hapa sina la kuongeza. Ila usisahau shaba, moteri tatu za umeme na nyaya za voltaji 800, shaba haijapata wa kuibadilisha.

Transpo_KZI (Lubumbashi)

Shaba njo inatulisha, ile sibishane

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Sasa kiulizo ya mwisho na ni ya kubashiri tu. Bugatti haijawahi kubakia na namba ya kwanza. Veyron ilianza 1001 mu 2005, 2010 ikatoka Super Sport ya 1200. Chiron 1500 ikapanda 1600. Tourbillon itapandishwa je? Ya V16 ao ya umeme? Mi nasema banarudisha turbo. V16 na turbo 2 tu, kidogo, utaona.

Nguba_Volti (Bukavu)

Hawarudishi. Ukirudisha turbo unarudisha kila kitu walichokitoa, na ile batri inakosa kazi. Moteri yenye inazunguka 9000 na lita 8.3 tayari iko karibu na mwisho wa chuma, kuitoa farasi 100 zaidi ni kamu mpya, pistoni mpya, miaka ya majaribio. Upande wa umeme unabadilisha inverta (ile yenye kugeuza umeme wa batri uende ku moteri) na programu, unapoza batri vizuri zaidi, farasi 200 zinakuja zenyewe. Bashiri yangu ni 2000, V16 itabaki 1000 na vidole, umeme utafika 1000. Nusu kwa nusu.

Fundi_Birere (Goma)

Mimi niko na Nguba kuhusu umeme lakini si kuhusu "zinakuja zenyewe". Kinachozuia batri ni joto, na batri ndogo ikitoa nguvu kubwa njo inachemka kabisa. kWh 25 kutoa kW 588 ni kama kuimaliza mara 23 mu saa moja, batri ya gari ya kawaida ya umeme haikaribie pale. Ndiyo maana ile ya Bugatti inapozwa na mafuta. Wakitaka 1000 ya umeme itabidi wakubwishe batri kidogo, na kilo zinarudi. Naona 1900, si 2000.

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Tuandike chini. Nguba 2000 na umeme, fundi 1900, mi na turbo zangu. Mwenye atapotea analipa bia ya Simba moja moja.

Mama_Himbi (Goma)

Samahani naingilia mambo yenu ya mamilioni. Fundi, umesema Harrier. Yangu inaniwashia taa, garaji moja ikaniambia batri ya ibridi imekufa yote, ninunue ingine, bei yenyewe nilikaa chini. Gari inatembea vizuri asubuhi, saa sita ndiyo taa inawaka.

Fundi_Birere (Goma)

Mama, kama asubuhi ni nzuri na saa sita inawaka, usinunue kitu. Kodi gani ilitoka ku skana, P0A80? Ile inaandikwa "badilisha batri" na mafundi wengi wanaisoma vile vile bila kufungua. Batri ya Harrier iko chini ya kiti ya nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kuna feni na matundu pale. Mavumbi ya Goma yanaziba yale matundu, batoto banaweka mapapeti na biskuti, mizigo inafunika, batri inachemka. Anza na kusafisha feni. Halafu wapime moduli moja moja, ziko 30 za volti 9.6, mara nyingi utakuta moja ao mbili njo zimelala, unabadilisha zile tu. Ila usikubali kijana afungue bila kutoa ile kishikizo ya rangi ya machungwa na kungoja dakika 10, na glavu za mpira za umeme, pale ndani kuna volti 288, haisamehe. Niandikie kodi yote yenye ilitoka, hata zile ndogo, nikuambie kama ni feni ao ni moduli.

Mama_Himbi (Goma)

P0A80 na ingine inaanza na P0A lakini karatasi imeloa maji. Natafuta picha kwa simu ya bwana nakutumia jioni.